Muulize Anti: Pantoni la Algiers, dola mbili unavuka Mississippi

Toleo lililopita nilikuwa namjibu msomaji mmoja kuhusu New Orleans, ile ya Marekani jimbo la Louisiana, nikapitisha sentensi moja tu kwamba ukichoka na kelele za Bourbon Street, ule mtaa wa mabaa, panda pantoni uvuke mto Mississippi uende mtaa wa Algiers Point ukapumzike. Sentensi moja! Meseji zilizomiminika hapa sikutegemea. Basi leo safu yote ni ya Algiers, nimechagua maswali machache, yale yanayofanana nimeyaunganisha, na nyie mlioniuliza habari za viza mnivumilie maana hicho ni kilio kingine kabisa.

Jambo mama. Miye ni mutu wa Bukavu, niko Houston na bibi yangu na batoto batatu. Tunataka kwenda New Orleans wikendi moja lakini franga haiko mingi, hoteli tu peke yake inamaliza kila kitu. Ile bato yenye ulisema ni bei gani, na inafika wapi? Na bibi yangu anaogopa mayi sana, ile mambo ya Ziwa Kivu iko ndani ya kichwa yake mpaka leo. (Baba wa batoto batatu, Houston)

Jambo baba, karibu sana. Tuanze na hela maana ndo inayoumiza. Nauli ni dola 2 kwenda na dola 2 kurudi kwa mtu mzima, wazee wa miaka 65 na kuendelea wanalipa dola 1. Zamani ukiwa kwa miguu ulikuwa unavuka bure kabisa, ni mwaka 2014 ndo wakaanza kutoza na wenyeji wa Algiers walilalamika kweli kweli, lakini hata hivyo mjini pale kwa dola 2 hupati hata maji ya chupa ya maana. Chenji usitegemee, beba dola moja moja mfukoni au nunua tiketi kwenye simu kwa app inaitwa Le Pass, ni ya RTA, hao ndo wenye mabasi na tramu na pantoni lenyewe.

Pa kupandia ni mwisho kabisa wa Canal Street, pale mtaa unapogota kwenye mto, jirani na akwarium. Boti za siku hizi ni za watu na baiskeli tu, magari hazibebi, yale mapantoni makubwa ya magari yalishastaafishwa hapo. Sasa nikupe ujanja kwa sababu unatoka Houston na gari, kilomita kama 560 hivi kwa barabara ya I-10: usiende kupaki mjini, parking za mjini zitakula hela ya chakula cha watoto. Vuka na gari kwa daraja la Crescent City Connection, paki upande wa Algiers kwenye mitaa (soma vibao vizuri, kuna sehemu wana masaa maalum kwa wasio wakazi), halafu panda pantoni kuingia mjini. Yaani unafanya kinyume cha watalii wote.

Haya, mama na maji. Kuvuka kwenyewe ni dakika kama tano, mtoto mdogo hajamaliza juisi yake mmefika. Ila sitamdanganya kwamba ule mto ni wa mchezo. Hapo Algiers Mississippi inakata kona kali sana, maji yanachimba chini, na ndo sehemu yenye kina kirefu kuliko kote katika mto mzima, kama mita 60. Meli kubwa za mizigo zinapita hapo hapo kila siku, kiasi kwamba walinzi wa pwani wa Marekani wameweka taa nyekundu na kijani za kuongoza meli mto ukijaa, kama unavyoona taa za magari, meli inasubiri zamu yake. Ukungu ukishuka asubuhi za baridi pantoni linasimama, haliendi mpaka waone mbele.

Ajali zimetokea katika mto huo, tena sio ndogo. Tarehe 20 Oktoba 1976 pantoni la George Prince liligongwa na meli ya mafuta kule Luling, juu ya mto mbali kidogo na mji, wakafa watu 78 kati ya 96 waliokuwemo. Sisi wa huku kwetu tunaelewa hizo namba, tuliwazika wa Mtongwe 1994 na wa MV Bukoba 1996. Na hii nyingine usimsomee mama: Disemba hiyo hiyo ya 1996 meli ya mizigo Bright Field ilizima injini ikaja moja kwa moja ikaingia kwenye maduka ya Riverwalk, hatua chache tu kutoka stendi ya pantoni, watu kibao waliumia lakini hakuna aliyekufa. Kwa maoni yangu hili la Algiers ni la kuaminika, halijazi watu mpaka wananing'inia, life jacket zipo na wafanyakazi wanajua kazi. Lakini mtu mwenye hofu ya maji habishaniwi. Akikataa, yeye apite na gari darajani nyie mvuke na boti mkutane ng'ambo, na hapo watoto watapiga kelele za ushindi kwa sababu mara nyingi nyie mtafika kwanza.

Anti mambo. Nakuja New Orleans kwenye konferensi ya manesi, nina nusu siku tu ya kuzurura. Mwenzangu alishawahi kupanda hilo pantoni anasema ng'ambo hakuna kitu, ni nyumba za watu tu, yeye alirudi na boti ile ile iliyompeleka. Nisipoteze muda eti? (Nesi wa Dar, kwa sasa Baltimore)

Poa mdogo wangu. Huyo mwenzako hakuvuka, alipunga hewa. Na wako wengi wa hivyo, wanashuka, wanapiga selfie na sanamu ya Louis Armstrong pale pale stendi, wanageuka. Ni kweli Algiers Point ni nyumba za watu. Haina geti, haina kiingilio, hakuna mtu wa kukuvuta mkono uingie dukani kwake, na mimi hicho ndo ninachokipendea.

Ukishuka tu panda juu ya tuta. Tuta ni lile boma la udongo lenye nyasi linalozuia mto usiingie majumbani, juu yake kuna njia ya kutembea na nguzo za taa zenye kumbukumbu za wanamuziki wa jazz wa mji huo. Simama hapo ugeuke nyuma. French Quarter yote, yaani mji mkongwe wa New Orleans, iko mbele yako, lile kanisa lenye minara mitatu ni St. Louis Cathedral, na ukibahatika litapita limeli la mizigo kati yako na kanisa, refu hilo, linafunika mji mzima unabaki unaangalia ukuta wa chuma unatembea, halafu mkia wake unapita na mji unatokeza tena kipande kipande. Kutokea French Quarter kwenyewe huoni hivi, ndo maana nasema ukitaka kuuona mji vizuri toka kwanza nje yake.

Teremka sasa mtaani. Jengo litakalokukaribisha ni mahakama ya Algiers, la mwaka 1896, lina minara miwili ambayo hailingani urefu, utadhani fundi wa pili alikimbia na hela. Hapo kabla yake kulikuwa na nyumba kubwa ya shamba ya familia ya Duverjé, ya mwaka 1812, ambayo ndo ilikuwa inatumika kama mahakama. Iliungua. Na hapa ndo pa kuuelewa mtaa mzima: usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1895 moto ulishika Algiers, mji wa mbao huo, upepo ukausaidia, ikateketea kama nyumba 200 hivi. Kwa hiyo nyumba nyingi unazoziona karibu na pantoni zilijengwa kwa mkupuo mmoja baada ya pale, ndo sababu zinashabihiana, vibaraza mbele, nakshi za mbao zilizokatwa kama lesi chini ya paa, rangi kila mtu na yake, njano, bluu bahari, pinki, mlango zambarau. Mwaka 1978 mtaa wote ukaingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria.

Nyumba yenyewe ya pale inaitwa shotgun. Unajua nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Magomeni, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma? Sasa hii ya kwao futa korido. Ni nyembamba, chumba nyuma ya chumba nyuma ya chumba, milango imenyooka, ukitaka kwenda jikoni usiku unapita kwenye kitanda cha shangazi na cha kaka mkubwa na hakuna wa kumficha mwenzake kitu. Wanasema ukifyatua risasi mlango wa mbele inatokea wa nyuma bila kugusa ukuta. Faida yake ni upepo, ukifungua milango yote hewa inapita moja kwa moja, na kule joto la Julai na Agosti sio la kuhadithiwa, ni Dar ya Februari bila bahari. Kuna zingine mbele ya chini na nyuma ina ghorofa, hizo wanaziita camelback, yaani mgongo wa ngamia.

Na waliokuwa wanaishi humo hawakuwa matajiri. Algiers ilikuwa mtaa wa kazi, meli zilikuwa zinatengenezwa hapo tangu 1819, baadaye zikawa zinapandishwa kwenye magati makavu, halafu ikaja reli, karakana za kampuni ya reli ya Southern Pacific zikaajiri watu wengi sana. Mabehewa ya treni yalikuwa yanavushwa mto kwa mapantoni mpaka daraja la Huey P. Long lilipofunguliwa 1935. Pantoni la abiria lenyewe lipo tangu 1827, mji wa New Orleans ukaja kuimeza Algiers rasmi mwaka 1870. Usisahau kuchungulia maktaba ya Pelican Avenue, ni ndogo, ya mwaka 1907, ya zile hela alizogawa tajiri Carnegie, na kanisa la Holy Name of Mary la matofali. Ukitembea polepole masaa mawili matatu yanatosha kabisa, vaa raba, njia za waenda kwa miguu zimeinuliwa na mizizi ya miti utajikwaa.

Salaam sana. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mombasa. Nilisoma mahali kwamba huko Algiers ndiko Waafrika walikuwa wakiteremshwa kabla ya kuuzwa, lakini picha zote za watalii ni nyumba za rangi na maua. Ukweli uko wapi? (Mwalimu, Mombasa)

Salaam mwalimu. Vyote viwili ni kweli na vipo mtaa mmoja, ila picha zinapigwa kimoja.

New Orleans ilianzishwa na Wafaransa mwaka 1718. Mwaka uliofuata, 1719, meli mbili, Aurore na Duc du Maine, zikaleta Louisiana mamia ya watu waliotekwa Afrika Magharibi, hao ndo wa kwanza kuletwa kwa meli za biashara ya watumwa. Kampuni ya Kifaransa ya Indies ndo iliyokuwa imekabidhiwa koloni, na ng'ambo ya mto, hapo tunapopaita Algiers, ilikuwa na shamba lake. Watu waliletwa pale, wakawekwa, wengine wakauzwa kwa wenye mashamba na wengine wakabakizwa kufanya kazi za kampuni. Wengi wa waliofika enzi za Wafaransa walitoka Senegambia, wengine ghuba ya Benin, sio watu wa pwani yetu, kwa hiyo usije na matumaini ya kukuta athari za Kilwa.

Kuna mtu mmoja nataka wanafunzi wako wamjue, Samba Bambara. Habari zake ameziandika Le Page du Pratz, Mfaransa aliyekuwa msimamizi wa lile shamba, kwa hiyo tunasikia upande mmoja tu, wa mwenye mjeledi. Anasema Samba alikuwa mkalimani wa Wafaransa kule Senegal, akaingia kwenye uasi dhidi yao, wakampakia kwenye meli kwa minyororo. Kufika Louisiana wakamfanya mnyapara wa wenzake pale pale kwenye shamba la kampuni, na mkalimani mahakamani kwa sababu alijua lugha. Mwaka 1731 akatuhumiwa kuongoza njama ya kuwaua Wafaransa na kuikomboa koloni. Walimuua kikatili pamoja na wanaume wenzake kwa kuwavunja mifupa kwenye gurudumu, na mwanamke mmoja akanyongwa. Wanahistoria bado wanabishana kama njama yenyewe ilikuwepo au ilikuwa woga wa mabwana, kwa kuwa watuhumiwa walihojiwa kwa mateso.

Sasa fikiria mwalimu, yote haya ng'ambo ya pale wanapouza kofia za Mardi Gras, ile sherehe kubwa ya mji kila mwaka. Upande wa mjini kando ya mto karibu na Jackson Square kuna kibao cha kumbukumbu ya biashara ya watumwa, kisome kwanza ndo uende ukapande pantoni, utavuka ukiwa na akili nyingine. Na hata zile nyumba za shotgun ambazo watalii wanazipiga picha, mtafiti John Michael Vlach alizifuatilia miaka ya 1970 akaona asili yake inapita Haiti mpaka Afrika Magharibi. Mwaka 1809 na mwanzoni mwa 1810 wakimbizi zaidi ya 9,000 waliotoka Saint-Domingue, Haiti ya leo, waliingia New Orleans kwa kupitia Cuba, wengi wao watu weusi, walio huru na walio utumwani. Kwa hiyo hizo picha za maua usizitupe, humo ndani kuna mikono yetu pia, ila mtu wa kukuelekeza kwenye kijitabu cha watalii humpati.

Anti samahani kama swali ni zito. Mume wangu na mimi ni weusi tii, tumezoea kuangaliwa. Nimesoma kwamba wakati wa Katrina wazungu wa Algiers Point waliwapiga risasi watu weusi. Sasa unatupeleka kutembea kwenye mitaa hiyo hiyo? (Dada wa Atlanta)

Sio zito dada, ni swali la haki, na wewe ndo wa pekee uliyeliuliza kati ya wote.

Ulichosoma ni kweli. Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti 2005, matuta ya upande wa mji yakapasuka, karibu asilimia 80 ya New Orleans ikaenda chini ya maji. Algiers iko upande wa pili wa mto, haikufurika. Kwa hiyo stendi ya pantoni ikawa mahali pa kuokolea watu, wanaletwa pale wapandishwe mabasi watoke. Baadhi ya wakazi wazungu wa Point wakachukua bunduki, wakaziba mitaa kwa miti iliyoanguka, wakajifanya walinzi. Tarehe 1 Septemba vijana watatu weusi, wakielekea hiyo hiyo stendi ya pantoni ili waokolewe, wakapigwa risasi, mmoja shingoni akanusurika kwa bahati. Ilichukua mpaka 2008 kwa waandishi wa habari kuifukua vizuri, mmoja wa hao wenye bunduki akafunguliwa kesi ya shirikisho 2010, akakiri kosa 2018, akahukumiwa miaka 10 mwaka 2019. Hesabu mwenyewe kuanzia 2005.

Je nakupeleka? Ndiyo, mchana, bila wasiwasi. Mtaa leo ni wa watu mchanganyiko, wametulia, wanakusalimia barabarani hata hawakujui, hiyo ya kusalimiana ni mila ya kule kusini na ukinyamaza unaonekana huna adabu. Sisemi hakuna anayeangalia, utaangaliwa, kama unavyoangaliwa Atlanta. Usiingie kwenye kibaraza cha mtu kupiga picha hata kama kinapendeza vipi, hilo nalisema kwa watu wa rangi zote. Usiku tembeeni kwenye mitaa ya karibu na pantoni yenye mwanga, msiende mbali bila kujua.

Kusema kweli pa kufungua macho ni upande wa mjini, Canal Street na Bourbon. Atakuja jamaa mchangamfu aseme nakubeti dola ishirini najua viatu vyako umevipata wapi. Wewe utajiuliza atajuaje nimenunua Mlimani City, unakubali. Jibu lake ni kwamba umevipata miguuni mwako, hapa hapa Bourbon Street. Anataka hela yake na wenzake wamesimama pembeni. Wewe cheka, endelea kutembea.

Assalaam aleikum Anti. Sie Waislamu wa Unguja tuko Toronto, twataka kupita New Orleans na mama yangu mzee. Huko ng'ambo kuna cha kula kisichokuwa na nguruwe? Na mama anaweza kutembea? (Bibie wa Mlandege)

Waaleikum salaam bibie. Chakula cha New Orleans ni kitamu na nguruwe anajificha humo humo, ndo shida. Gumbo, ule mchuzi mzito wenye bamia, mara nyingi unatiwa soseji ya andouille ambayo ni nguruwe hata kama jina limeandikwa gumbo ya kamba. Jumatatu kila mahali wanapika wali na maharage mekundu, macho yatakutoka ukifikiri umefika kwenu, lakini maharage yamechemshiwa na nyama ya nguruwe ya chumvi. Usiulize kama kuna nguruwe juu, uliza kama imepikiwa ndani, maana hayo ni maswali mawili na mhudumu atakujibu ulilouliza. Salama yako ni samaki, kamba na chaza, waagize po'boy, ule mkate mrefu unaojazwa vitu, na uliza mafuta wanayokaangia. Au beba chakula chako mkae kwenye nyasi za tuta mkila mnaangalia meli, hakuna wa kuwauliza.

Mama mzee hana tatizo, mtaa ni bapa kabisa. Ni tuta tu ndo lina mteremko, mpandeni polepole pale penye njia. Mwende asubuhi kabla ya jua kali, na mkiweza mwende Machi au Novemba, kiangazi joto litamuonea na msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, ingawa Novemba unakuwa umeshapoa. Na dawa ya mbu, bibie. Mbu wa Louisiana hawajui mgeni.

Niaje Anti. Nataka kupeleka dame wangu huko Algiers jioni nimuulize ile swali, si unajua. Sunset iko poa upande huo? Na feri ya mwisho ni saa ngapi, sitaki tukwame. (Kaka wa Nairobi, Dallas)

Poa sana kaka, hongera mapema. Upande uliochagua ndo wenyewe, kwa sababu ukisimama kwenye tuta la Algiers jua linazama nyuma ya maghorofa ya mjini, mto unageuka shaba, taa za daraja zinawaka moja moja. Upande wa mjini ungekuwa umelipa jua mgongo. Fika nusu saa kabla, tembea kidogo kushoto ukiwa umeupa mtaa mgongo, mbali na stendi, pale watu wa mbwa na wakimbiaji wanapungua.

Feri inatoka kila baada ya nusu saa hivi, lakini ya mwisho inabadilika, siku za kazi sio sawa na wikendi, na Mardi Gras wanafanya yao, kwa hiyo sikuandikii saa hapa ukaja kunilaani. Angalia kwenye Le Pass siku hiyo hiyo asubuhi, halafu angalia tena kabla hujavuka. Mkiachwa sio mwisho wa dunia, mnaita taksi mnazunguka na daraja, ni safari fupi ila bei yake utaisikia ukilinganisha na hiyo dola 2.

Halafu kama atakubali kwa fujo mkataka kumaliza mambo kabisa, ile mahakama yenye minara miwili wanafungishia ndoa, watu wanatoka mbali kuoania pale. Ila msikurupuke, Louisiana wanataka masaa 24 yapite kati ya kuchukua leseni ya ndoa na kufunga, kwa hiyo lipieni hoteli usiku mwingine. Na kama atakataa kaka yangu, kumbuka pantoni ni moja na mtarudi nalo wote wawili, muulize mapema mpate muda wa kununiana nchi kavu.